Shilingi haikuanguka siku ya vita

Kila ukifika mwezi wa kumi na moja watu wakaanza kukumbushana Vita vya Kagera, ile ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, lazima atokee mmoja aseme "vita ile ndo ilituulia shilingi", na mwingine amrukie hapo hapo, hapana bana, shilingi iliuliwa na Ujamaa, vita ni kisingizio tu. Ubishi huu nimeusikia tangu sijaota ndevu na unaisha vilevile kila siku, yaani kwa kelele. Lakini kuna kitu kimoja ambacho wabishi wote wawili wanakiruka, na mimi nilipokuja kukiona nilishangaa sana. Ukienda kwenye takwimu rasmi, shilingi haikuanguka wakati wa vita. Mwaka 1978 dola moja ya Marekani ilikuwa inabadilishwa kwa shilingi 7 na senti kadhaa. Mwaka 1981, Amin keshakimbia, wanajeshi wetu ndo wanamalizia kurudi nyumbani, dola moja ilikuwa shilingi 8 na senti kidogo. Basi. Nchi imepigana vita kubwa kuliko zote ilizowahi kupigana tangu ipate uhuru na bei ya dola imepanda kwa pungufu ya shilingi moja.

Sasa we jiulize hiyo inawezekanaje.

Tuanze na gharama yenyewe. Majeshi ya Amin yaliingia mwishoni mwa Oktoba 1978, tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya mto Kagera sasa ni Uganda, siku mbili baadae wakalipua daraja la Kyaka. Huku nyuma walishaharibu kiwanda cha sukari cha Kagera na kuswaga ng'ombe wa ranchi ya Missenyi kwa maelfu. Mwalimu Nyerere akahutubia taifa, ile hotuba ambayo hadi watoto wa leo wanaweza kuighani: uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Dola ndo hazikutajwa. Jeshi la watu kama elfu arobaini likatanuka mpaka kupita laki moja ukijumlisha mgambo, malori na mabasi ya watu binafsi yakachukuliwa kupeleka askari mbele, na safari ikawa si ya kurudisha mpaka tu, ikaenda hadi Kampala ambayo ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, halafu askari wakabaki kule mpaka 1981. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni dola milioni 500. Ili uielewe hiyo namba, mauzo yetu yote ya nje kwa mwaka mzima, kahawa, pamba, mkonge, korosho, karafuu, almasi, weka vyote kwenye kapu moja, ilikuwa karibu hela hiyo hiyo. Yaani ni kama mwaka mzima wakulima walime na kuvuna na kupakia melini halafu hela yote iende kwenye risasi na mafuta ya ndege.

Na ilitukuta vibaya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka mmoja kabla, 1977, mpaka na Kenya umefungwa, tunaanzisha shirika letu la ndege na reli yetu wenyewe kwa hela ambayo hatuna. Akiba ya dola iliyoletwa na bei nzuri ya kahawa ya 1976 na 1977 ilikuwa imeshayeyuka kabla hata bunduki ya kwanza haijalia, maana mwaka 1978 serikali ililegeza masharti ya kuagiza vitu nje na watu wakaagiza kweli kweli. Halafu 1979, huku askari wako njiani kwenda Kampala, mapinduzi ya Iran yakapandisha bei ya mafuta zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo anayesema vita peke yake ndo iliua shilingi anasahau hayo, na anayesema ni Ujamaa tu anasahau kwamba mgonjwa alikuwa tayari kitandani vita ikaja kumkalia kifuani. Mimi nasimama hapo, na wote wawili huwa wananinunia.

Tukirudi kwenye hesabu. Vita inafanya vitu viwili kwa wakati mmoja. Inakula dola, kwa sababu vifaa vya kivita na vipuri na mafuta havinunuliwi kwa shilingi, na inazaa shilingi, kwa sababu serikali isipokuwa na kodi ya kutosha inakopa benki kuu, maana yake inachapa. Dola chache, shilingi nyingi. Mahali ambapo bei ya dola iko huru hapo ni lazima ipae, hata uweke polisi. Kwetu haikuwa huru. Bei ya dola ilipangwa na serikali, dola zote kisheria ni za Benki Kuu, ukitaka kuagiza kitu nje unaomba kibali, ukishapata kibali unasubiri ugawiwe dola. Bei za vitu nazo zilipangwa, kulikuwa na Tume ya Bei kabisa ambayo kazi yake ni kusema kiberiti kiuzwe shilingi ngapi. Sasa ukikataza bei isipande, na vitu havipo, kinachopanda ni foleni.

Hapo ndipo shilingi ilipoanguka. Ilianguka dukani miaka kadhaa kabla haijaanguka benki.

Bi mkubwa wangu akianza kusimulia miaka ile hasemi kabisa habari ya dola, sidhani kama aliwahi kuishika moja wakati huo. Anasimulia sabuni. Duka la kaya lilikuwa linatangaza kwamba keshokutwa kuna sabuni, watu wanakwenda kupanga mawe usiku, kila jiwe na mwenyewe, alfajiri mnakuja kila mtu anasimama nyuma ya jiwe lake na ugomvi mkubwa unaanzia hapo, nani kasogeza jiwe la nani. Mche mmoja wa sabuni mnakatiwa vipande. Bei iliyoandikwa ni ile ile ya mwaka jana, ndogo tu, hela unayo mkononi, ila ukifika dirishani unaambiwa imekwisha, na jioni ile ile sabuni hiyo hiyo unaipata kwa mlango wa nyuma kwa mara tano ya bei. Ambaye hana hiyo mara tano anafulia majani ya mpapai. Khanga ilikuwa ni mpaka uandikishwe kwa balozi wa nyumba kumi, unga wenyewe ni ule wa njano wa msaada kutoka Marekani ambao watu waliubatiza unga wa Yanga. Mwalimu akawaambia wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Mama anasema mkanda ulifungwa ila wa kuufungua hakuonekana.

Sasa ukiuliza mwaka ule shilingi ilikuwa na thamani gani, kuna majibu mawili na yote ni ya kweli. Kwa karatasi ya benki, 8 kwa dola. Kwa mlango wa nyuma wa duka, pungufu mara mbili, mara tatu, baadae mara nyingi zaidi. Na dola yenyewe ilikuwa na mlango wake wa nyuma, ilibadilishwa kwa kunong'onezana, kwa mabaharia, kwa wenye ndugu nje, kwa wageni waliojaza fomu ya hela uwanja wa ndege wakaficha nyingine kwenye soksi. Kufikia 1985 bei ya benki ilikuwa 17 na ya mtaani imepita 100.

Hebu fikiria maana ya hiyo tofauti, maana hapa ndipo uozo wote ulipokaa. Mtu mwenye kibali anapewa dola kwa 17. Akigeuka nyuma tu anaweza kuiuza kwa 100. Hana haja ya kuleta shehena, hana haja ya kiwanda wala duka, kile kibali peke yake ni mgodi. Upande wa pili kuna mkulima wa kahawa. Kahawa yake imeuzwa nje kwa dola, dola zimeingia Benki Kuu, yeye anahesabiwa kwa ile bei ya 17, bado bodi haijakata chake na chama cha msingi hakijakata chake, na malipo yanakuja kwa awamu. Halafu na hicho kidogo anaenda kununua jembe na betri ya redio kwa bei ya ulanguzi, yaani kwa bei ya mtaani ya shilingi 100 kwa dola. Anauza kwa shilingi ya serikali ananunua kwa shilingi ya mtaani. Huyo ndo aliyelipa gharama ya vita, kila msimu, bila kuambiwa kwamba anatozwa kodi. Usishangae kahawa ilianza kuvuka mpaka usiku na mashamba mengine yakang'olewa mibuni ikapandwa migomba.

Na si kwamba wenye akili hawakuona. Edwin Mtei aliona. Huyu alikuwa Gavana wa kwanza wa Benki Kuu, mwaka 1979 alikuwa Waziri wa Fedha, na alikaa na watu wa IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, wakafika mahali ambapo shilingi ingeshushwa rasmi ili mkopo upatikane. Mwalimu akakataa, Mtei akaondoka Desemba mwaka huo. Mwaka mpya wa 1980 Mwalimu akawauliza mabalozi wa nchi za nje waliokuja kumsalimia, tangu lini IMF imekuwa wizara ya fedha ya dunia. Swali tamu, na mpaka leo lina utamu wake. Hoja yake haikuwa ya kijinga pia: sisi tukishusha shilingi bei ya kahawa London haibadiliki, haitupi dola ya ziada kesho asubuhi, kinachobadilika ni kwamba dawa na mafuta ya taa vinapanda kwa maskini. Shida ni kwamba vilikuwa vimeshapanda. Maskini alikuwa hanunui kwa bei ya serikali, bei hiyo aliiona kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Kwenye hili mimi niko na Mtei, ingawa naelewa ni rahisi kuwa na Mtei ukiwa umekaa kwenye kiti miaka zaidi ya arobaini baadae.

Badala ya kushusha shilingi vya kutosha tukakamata watu. Mwaka 1983, Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ikaja vita nyingine, ya wahujumu uchumi. Wazee wanasimulia watu walivyotupa vitambaa na redio baharini, wengine wakazika mafuta ya kula mashambani, wengine wakachoma noti. Wapo walioshikwa ambao walikuwa walanguzi kweli na Sokoine mwenyewe watu wanamlilia mpaka leo kwa uadilifu wake, sitamgusa. Ila ukiwakamata walanguzi wote na bei ya dola ukaiacha vile vile, kesho asubuhi kuna wengine. Nafasi bado iko wazi na inalipa. Mwaka uliofuata serikali yenyewe ikaruhusu mtu mwenye dola zake aingize bidhaa bila kuulizwa kazipata wapi, yaani kilichokuwa uhujumu mwaka jana sasa ni ruksa, na ghafla vitu vikaonekana madukani. Kwa bei ya mtaani, ndiyo, lakini vilikuwepo na foleni ya mawe ikaisha.

Hii tabia ya vita kuficha bili yake halafu kuileta baadae si yetu peke yetu. Ujerumani iliingia Vita vya Kwanza mwaka 1914 dola moja ikiwa mark 4.2. Vita inaisha 1918 dola ni kama mark 8, yaani imepungua nusu tu, kwa nchi iliyopigana na nusu ya dunia miaka minne si mbaya hata kidogo. Kila mtu alidhani mabaya yamepita. Novemba 1923, miaka mitano bila risasi, dola moja ikawa mark trilioni 4.2.

Na wajerumani haohao huku kwetu walituachia mfano mzuri zaidi, ambao nashangaa haufundishwi shule. Vita ile ile ilipofunga bahari, koloni likakosa hela mpya kutoka Berlin. Noti zikaanza kuchapwa hapa hapa Dar es Salaam, baadae Tabora, karatasi nzuri ilipoisha wakatumia hata ya kufungashia mizigo. Kwenye karakana ya reli Tabora mwaka 1916 wakagonga sarafu ndogo za heller 5 na 20 za shaba ya njano, nyingine malighafi yake ilikuwa maganda ya mizinga, na wakagonga sarafu ya dhahabu ya rupia 15, dhahabu ya mgodi wa Sekenke, upande mmoja tai wa Ujerumani upande wa pili tembo kanyanyua mkonga na mlima nyuma yake. Tabora ikatekwa na Wabelgiji Septemba mwaka huo, wajerumani wakakimbilia kusini na porini wakaendelea kuchapa noti kwa herufi za mpira, kama mihuri ya ofisini vile. Sasa jiweke kwenye nafasi ya mpagazi au muuza mahindi wa wakati ule. Unalipwa, una vitu vitatu mbele yako, vyote vinahesabiwa kwa rupia: dhahabu, shaba na karatasi iliyopigwa mhuri jana chini ya mti. Kwa kitabu cha mhasibu rupia ni rupia. Lakini aliyepokea ya tembo alikuwa na dhahabu hata bendera ikibadilika, aliyepokea karatasi alikuwa na ahadi ya serikali inayokimbia. Bei rasmi ni moja, bei ya kweli tatu, na nani anapata ipi inategemea nani ana nguvu ya kukataa.

Uganda nako sitaki kusahau, maana ndo tuliopigana nao na shilingi yao na yetu zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Zote zilizaliwa 1966 ilipoanza kuvunjwa bodi ya sarafu ya Afrika Mashariki, na kwa miaka zilikuwa sawa kwa sawa, ya Kampala na ya Dar na ya Nairobi. Mwaka 1981 Rais Obote aliiachia ya kwao ielee na kwa siku chache tu ikatoka kama 8 kwa dola ikaenda karibu 80. Vita ya msituni nayo ikawa inaendelea, halafu akaja Museveni, na mwaka 1987 wakakata sifuri mbili, mia moja za zamani kwa moja mpya, na juu yake wakatoza asilimia 30 kwa kubadilisha. Aliyeshinda vita na aliyeshindwa, wote walilipa, ila wao walilipa kwa mshtuko sisi tukalipa kwa awamu.

Awamu yetu ya mwisho ilikuja 1986. Mzee Mwinyi kashaingia urais, makubaliano na IMF yakasainiwa Agosti, na ndani ya mwaka mmoja dola ikatoka 17 ikapita 50. Watu wengi ukiwauliza shilingi ilianguka lini watakwambia hapo, wakati wa Mzee Ruksa, na wengine wanamlaumu yeye. Mimi naona hapo benki ilikuwa inakiri tu kile ambacho mama zetu walishakijua kwenye foleni ya sabuni. Angalia hata noti. Tangu 1966 noti yetu kubwa kuliko zote ilikuwa ya shilingi 100, ikakaa peke yake miaka ishirini. 1986 ikaja ya 200. 1989 ya 500. 1990 ya 1,000. 1995 ya 5,000 na ya 10,000 kwa pamoja. Miaka ishirini ya kubana pumzi, halafu pumzi yote ikatoka ndani ya miaka tisa.

Leo Sudan wanayapitia kwa namna nyingine na naifuatilia kwa sababu hii hii. Vita ilipoanza Aprili 2023 dola ilikuwa kama pauni 600 hivi, mwaka uliofuata mtaani imepita 2,000 na haikusimama hapo. Kule bei imeonekana mapema kwa sababu hakuna mwenye nguvu ya kuificha, Khartoum yenyewe ilikuwa uwanja wa mapigano, mabenki yameporwa. Desemba 2024 upande wa jeshi ukatoa noti mpya za 500 na 1,000, upande wa pili ukazikataa kwenye maeneo yake, kwa hiyo pauni ya nchi moja ina noti halali huku na haramu kule. Na sehemu ambazo noti hazifiki kabisa watu wanalipana kwa programu ya benki ya simu, ukitaka karatasi mkononi unakatwa sehemu nzuri tu ya hela yako. Ni ukatili, lakini angalau mtu anajua siku hiyo hiyo kwamba alichonacho kimepungua.

Kwetu aliyeumia zaidi ni yule aliyeiamini namba ya benki. Chukua mtu aliyeweka shilingi 10,000 mwaka 1978, hela ya maana sana, zaidi ya dola 1,200 kwa bei ya siku ile, angeweza kujenga nyumba ya heshima. Akaja kuichukua 1992, mwaka ambao sheria iliruhusu maduka ya kubadilishia fedha na kila mtu akaanza kuona bei ya dola imeandikwa mlangoni kwa chaki. Elfu kumi yake ilikuwa haifiki hata dola 40. Hata ukiweka na riba, riba yenyewe ilikuwa chini ya kupanda kwa bei miaka karibu yote hiyo. Hakuna aliyemwibia, daftari lake la benki liko sahihi hadi senti.

Mjomba wangu ni mmoja wao. Alikuwa utingo wa lori lililochukuliwa kwenda Mutukula, mpakani na Uganda, akarudi mzima, akaweka alichopata. Mpaka leo akishika hela, hata laki mbili, hakai nayo wiki, ananunua bati au mifuko ya saruji anaipanga sebuleni mpaka wageni wanakosa pa kukaa. Shangazi amegomba amechoka. Majuzi nilimwambia aweke hata kidogo kwenye simu ipate faida, akaniuliza faida asilimia ngapi, nikamtajia, akauliza na bati limepanda asilimia ngapi tangu mwaka jana, nikakaa kimya kwa sababu nilikuwa nalijua jibu.